Githeri Imelala kwa Blanketi

Siakago, 9 Machi 2025

Kwako Tata Karambu,

Hizi salamu nimezituma zikiwa moto, ukizipata zimepoa ujue ni watu wa parcel, si mimi. Niko fiti. Ndwiga yuko fiti. Siakago mvua imetukataa na mbuzi za hapa zimeanza kukula mabango ya wanasiasa, kwa hivyo hata hizo ziko fiti. Msalimie Mzee Kaimenyi na ndizi zake, na umwambie sijasahau kuomba kabla ya kulala, hata kama nimesahau.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu hiyo simu yenu ni redio. Ile meseji nilikutumia Krismasi kuhusu Ndwiga, Mzee aliisoma kwa sauti mbele ya wageni, mpaka ile sehemu nilisema ana miguu mizuri. Sirudii. Kuanzia leo barua inakuja ikiwa imefungwa ndani ya vitambaa, na vitambaa Mzee haguzi.

Habari kubwa: watu wa Ndwiga wamesema watakuja Agosti na mahari. Watakuja kwenu, kwa sababu tangu mamangu aende, nyinyi ndio wazazi niko nao, na hata kama angekuwa, wewe ndiye dada yake mwenye mdomo.

Sasa fungua kikapu. Usiogope. Ni kikapu cha kawaida cha soko, lakini ndani nimeshona godoro ya viraka: sketi yangu ya shule, pazia ya mwalimu alihamishwa akaiacha, na mabaki ya mafundi wote wa hii soko ambayo wao huchoma tu jioni. Nimejaza vipande vidogo katikati, nikapitisha mistari ya uzi hivi na hivi ndio visikimbilie kona moja. Kifuniko ni mto. Hakuna mtu alinifundisha, Tata. Niliona video ya mwanamke anaongea lugha sijui ya wapi, nikaangalia mikono tu.

Wenyewe wanaiita fayalesi. Inapika bila moto. Unalaza mahindi na maharagwe ya githeri kwa maji, asubuhi unachemsha mpaka ichemke kabisa, unatoa sufuria na kifuniko chake, unaiweka ndani, unaifunika na mto, unaenda zako. Jioni imeiva. Kuni kidogo, moshi kidogo, miti inapona. Sharti ni moja: usifungue. Ukifungua, joto yote inahamia Tharaka.

Hapa kwangu hakuna kitu inatupwa. Maji nimeoga ndio inaosha sakafu, halafu ndio inanywesha mpapai yangu. Hiyo mpapai inanijua kuliko Ndwiga.

Chini kabisa nimeweka vitu vitatu vidogo vya taulo, ziko na mabawa na kifungo. Ni za Kawira wa jirani. Mpatie, yeye anajua.

Wako wa haraka haraka,
Kinya


Mitunguu, 30 Machi 2025

Kinya,

Salamu tumepata, zilikuwa zimepoa. Sisi ni wazima. Upepo uliangusha ndizi wiki jana na Mzee aliongea na huo upepo maneno siwezi kuandika. Ng'ombe amezaa, dume tena. Winrose anawasalimia kutoka Meru town, anasema nyumba yake ni ndogo lakini tukitaka kumtembelea tupige simu kwanza, kama vile sikumzaa.

Kikapu nimeona. Ni rembo. Mimi mwenyewe silali kwa kitu rembo hivyo. Lakini haipiki. Nilifanya yote ulisema. Jioni Mzee akakaa na sahani yake, mahindi ikalia kwa meno kama mtu anatembea kwa kokoto. Aliniuliza kama nimepika ama nimeosha tu. Mama Murungi wa hapa ng'ambo alikuwa ameketi, akasema hajawahi kuona githeri ikipelekwa kulala kabla iive. Amezunguka na hiyo maneno kijiji yote.

Nimepika kwa mawe matatu tangu nitoke kwa mama yangu. Moshi haijaua mtu.

Lakini vile vitambaa vya mabawa, hizo umetengeneza vizuri. Kawira hajakuja, nikaanza kuzitumia mimi. Zinashika masikio ya sufuria vizuri na mkono hauchomeki. Pasta alipokuja nilimbebea birika ya chai nazo. Akazisifu, akauliza zimetoka wapi, nikampa moja ampelekee mke wake. Alishukuru sana. Tuma zingine.

Tata yako,
Karambu


Siakago, 6 Aprili 2025

Tata,

Wewe kwanza kaa chini. Umekaa? Salamu, tuko wazima, mvua imenyesha siku moja ikaona makosa yake ikarudi.

Hizo vitambaa si za sufuria. Sitaandika ni za nini kwa sababu barua inaweza kupotea njiani na mimi nataka kuolewa. Muulize Kawira, lakini umuulize Mzee akiwa shambani. Hiyo ya Pasta tumuachie Mungu.

Tuje kwa githeri. Nina swali moja na unijibu kama mtu ameokoka: ulifungua hiyo kikapu mara ngapi? Usiniambie sifuri. Nakujua. Wewe chapati ikiwa kwa moto unaiinua kuiangalia chini kama mtu anatafuta simu. Kila ukifungua ilikuwa inaanza upya. Githeri yako haikukataa kuiva, ilikataliwa.

Sasa sikiza. Mama ya Ndwiga alikuja hapa. Anaitwa Cicily, ni mtu wa Kanja, huko juu kwa baridi na majani chai, watu wa sweta. Aliangalia kibanda changu, akaangalia cherehani, akaangalia hizo viraka zimejaa mpaka dirishani, akauliza Ndwiga, mimi nikiwa hapo, "Na kupika anajua, ama anashona tu?" Ndwiga akacheka ile kicheko ya mtu ameulizwa swali na polisi. Baadaye nikamwuliza, na mamako akikataa? Akasema hatapinga mamake, lakini atanung'unika. Huyo ndiye nampenda, Tata, sina mwingine.

Kwa hivyo Agosti wakija kwetu wakikula vibaya, hii maneno imeisha. Najua. Na ndio maana nataka chakula yote ya hiyo siku ipikwe kwa vikapu. Githeri, njahi zile maharagwe nyeusi, nyama, mchele. Unachemsha asubuhi na mapema, unafunga, unavaa nguo yako nzuri unakaa na wageni kama mama wa bibi harusi, si kama mtu wa jikoni mwenye macho mekundu.

Nitumie nguo kuukuu. Chochote. Nashona vikapu kubwa.

Kinya


Mitunguu, 11 Mei 2025

Kinya,

Nimechelewa kujibu. Nilienda Meru town kwa Winrose. Kutembea tu. Sisi ni wazima. Ndama dume amejua kuruka ua.

Nilimuuliza Kawira. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Jumapili sikuweza kuangalia mke wa Pasta, nilikaa nyuma na watoto.

Sasa wewe, unataka kuolewa ama unataka kufanya maonyesho? Mtu anaenda kuletewa mahari na anataka kujaribu mambo ya video siku hiyo hiyo. Hao watu watatoka Kanja mpaka hapa kwa joto, wakue na njaa, halafu tuwaambie chakula iko kitandani? Mama Murungi na wenzake wameshasema watakuja na kuni zao. Tupike kama watu. Hiyo miti unayoilinda hata haikujui.

Gunia la nguo ndio hilo. Kuna pazia, kuna gauni yangu ya kanisa ile ilipasuka kwa bega nikiimba, kuna shuka. Na kuna koti ya Mzee. Ile nyeusi nzito waliletea yeye watu wa bwana ya Winrose siku ya mahari yake. Amekonda, inamning'inia, na panya wameanza kwa makwapa. Hajui nimekutumia. Ishone mahali haitaonekana.

Karambu


Siakago, 25 Mei 2025

Tata wangu,

Gunia imefika. Salamu kwa ndama, mwambie aruke vizuri.

Hiyo koti ni moto ya Mungu. Sufi tupu. Nimeishona ndani ya tumbo ya kikapu kubwa kuliko zote, ile ya njahi, nikaifunika na gauni yako ya kanisa. Kwa hivyo wewe na Mzee sasa mmelala pamoja ndani ya kikapu, kama vile Biblia inasema. Kwa mto wa juu nimeweka kifungo moja ya hiyo koti, ile kubwa ya mfupa, ndio unashikia ukifunga. Imetoka rembo mbaya. Mafundi wa hapa wameacha kunicheka, sasa wananiibia mtindo. Na wameacha kuchoma mabaki, wanataka kuniuzia. Takataka jana, leo biashara.

Umeniuliza kwa nini siku hiyo hiyo. Ni mambo ya mazingira, Tata. Miti. Hewa.

Pasaka nilipopiga simu, Mzee ndiye alishika. Alikuwa ananiambia habari ya ndizi, na nyuma yake kulikuwa na mtu anakohoa. Alikohoa mpaka salio yangu ikaisha. Nikauliza Mzee ni nani huyo, akasema ni vumbi. Sawa. Winrose naye ameniambia ulitembea Meru town vizuri, lakini hakuniambia ulitembea wapi.

Basi ni miti.

Fanya hivi: jaribu mara moja tu, na ujifunge. Si kufunga kula, kufunga mikono. Ikikataa, nitapika kwa mawe matatu mimi mwenyewe nikiwa na nguo ya bibi harusi, na sitasema kitu tena.

Kinya


Mitunguu, 20 Julai 2025

Kinya,

Tuko wazima. Vikapu vimefika vyote, vimejaza chumba yetu ya kulala, Mzee anapita upande kama kaa. Anauliza ni mito ya nani. Nimesema ni ya wageni. Si uongo.

Nilijaribu. Niliweka githeri, nikafunga kikapu na kamba ya mbuzi, mafundo ile mbaya, nikaenda mkutano wa kina mama kanisani. Nikakaa mpaka mwisho, hata ile sala ya kufunga ambayo mimi huruka. Kurudi nikafungua. Ilikuwa laini kama shavu ya mtoto, na maji yake imekuwa nzito vile mama yetu alikuwa anapenda. Nilikaa chini. Sikumwambia mtu.

Ile ya kwanza nilifungua mara ngapi, sijibu. Lakini chakula huwezi kuiacha peke yake hivyo bila kuiangalia. Ni kama kuacha mtoto kwa jirani.

Basi tutafanya vile unataka. Hata moto wa asubuhi ni Kawira atawasha, amejitolea. Nimeambia Mama Murungi na wenzake waje na sauti zao za kuimba, kuni wabaki nazo. Amenuna. Amesema tukiaibika yeye atakuwa ameketi mbele aone vizuri.

Shida ni koti. Mzee anataka kuvaa hiyo koti siku hiyo kupokea wakwe. Ameitafuta kwa sanduku, kwa stoo, kwa nyumba ya kuku. Nimesaidia kutafuta. Nimetafuta kuliko yeye. Juzi alisema labda iliibwa na watu wa kununua ndizi, na mimi nikasema watu wamekuwa wabaya.

Uje mapema. Usilete mpapai.

Karambu


Siakago, 17 Agosti 2025

Tata,

Salamu tupu leo, sina subira. Nimerudi Siakago, Ndwiga anapiga mluzi mpaka majirani wamelalamika, na Cicily amenipigia simu mwenyewe. Anataka kikapu. Cicily! Mtu wa Kanja, wa sweta! Amesema hajawahi kukula njahi ya moto hivyo, tena baada ya siku ndefu vile. Kwa hivyo nimeolewa na njahi. Mungu ni mwema na koti ni sufi.

Sasa niambie kitu moja. Unajua mimi nilikuwa nimefungiwa kwa chumba ya watoto na Kawira na wale wasichana, tumefunikwa leso kichwani mpaka miguu kama magunia ya mahindi, tukingoja Ndwiga aje achague ni gani ni mimi. Sikuona kitu. Nilisikia wageni wamefika mpaka getini, nikasikia nyimbo imeanza, halafu ikanyamaza. Kimya mrefu. Nilijua wamerudi kwao. Nililia ndani ya leso, Kawira ni shahidi. Halafu nikasikia kukohoa, mbaya sana, na haikuwa sauti yako. Halafu nyimbo tena, na vigelegele.

Ndwiga anasema baba yangu ananipenda kupita kiasi. Anasema Mzee Kaimenyi alitoka akilia mbele ya watu wote, machozi mpaka kwa ndevu, na mjomba wake Mbogo, yule mzee msemaji wao, akatoa kofia.

Tata. Mzee? Siku Winrose alipoondoka, Mzee aliuliza tu kama viti vya kukodi vimerudishwa. Nini ilitendeka?

Kinya


Mitunguu, 31 Agosti 2025

Kinya,

Tuko wazima. Ndama tumempa jina Mbogo, kwa sababu ya kusimama getini. Mke wa Pasta alinishika mkono baada ya ibada. Anataka zingine za mabawa, za kila mwezi, yeye na dada zake. Anajua ni za nini. Pasta hajui, anaendelea kushikia birika.

Kuhusu Mzee, watu hulia.

Karambu


Siakago, 4 Septemba 2025

Tata,

Salamu. Watu hulia, ndio. Mzee si watu.

Sishoni kikapu ya mtu yeyote huko, hata ya mke wa Pasta, mpaka uniambie.

Kinya


Mitunguu, 21 Septemba 2025

Kinya mwanangu,

Wewe ni mgumu kama mahindi ya kikapu cha kwanza. Sisi ni wazima, ndizi ni nzuri, maji ya mfereji imerudi. Keti nikwambie, na usimsomee Ndwiga.

Asubuhi ile kila kitu kilienda vile ulitaka. Kawira alichemsha, mimi nikafunga, kulipokucha moto ulikuwa umekufa na jivu limepoa. Vikapu vyote vilikuwa chumbani kwetu kwa kitanda, vimefunikwa blanketi juu. Nikavaa nguo yangu. Mama Murungi akaketi mbele kama alivyoahidi.

Wageni wakafika. Walisimama getini wakiimba, sisi tukaanza kuwajibu. Halafu huyo Mbogo akainua mkono, akanyamazisha watu wake. Alikuwa anaangalia jikoni yetu. Sisi wote tukageuka tukaangalia. Jikoni ilikuwa imekaa hapo, paa safi, kama nyumba ya mtu amehama. Hakuna moshi, hata kidogo.

Mimi na wewe tulifikiria kila kitu, Kinya. Hiyo hatukufikiria. Mgeni wa mahari akifika boma na haoni moshi, ameambiwa arudi kwao. Ni matusi haina haja ya mdomo. Mimi ningefikishwa kwa mlango hivyo, ningerudi pia. Cicily alikuwa ameshika mkoba wake kwa kifua, nikaona ameanza kugeuza miguu.

Mzee akanijia mbio. Akaniambia kwa sauti ya chini nimemwaibisha, kwamba sijapika kwa sababu tulikosana juu ya koti. Nikamvuta mpaka chumbani, nikafunua mto ya kikapu kubwa kidogo tu, mvuke ikampiga usoni. Aliangalia njahi. Halafu akaangalia mkono yangu, imeshika kile kifungo cha mfupa. Alikiangalia sana. Nilijua ndio nimeisha. Akafunika mto mwenyewe, polepole, akatoka.

Alienda getini akamwambia Mbogo ukweli. Alisema, "Chakula iko tayari. Imelala kwa kitanda yangu, imevaa koti yangu." Mbogo akageukia watu wake akasema turudi nyumbani, huyu mzee amelewa asubuhi.

Basi mimi nikaanza kwenda jikoni niwashe moto, wa bure, wa kuonekana tu. Nikamkuta Mzee ameziba mlango. Unajua hajawahi kuingia jikoni hiyo tangu aijenge. Kwetu mwanaume akiingia jikoni watu huuliza nani amekufa. Akaniambia, "Wewe huingii. Daktari alisemaje?"

Sikujua anajua. Nilimkataza Winrose. Kumbe Winrose alimwambia jioni ile ile, na yeye akanyamaza, na mimi nikanyamaza, tukakaa tumenyamaza tangu Mei tukiongea mambo ya koti.

Akaingia peke yake, akafunga mlango. Huyo mtu hajui kuwasha moto, Kinya. Alimaliza kiberiti yote. Akachukua majani ya ndizi mabichi, yale Kawira alikata ya kufunikia meza, akajaza kwa mawe matatu, akapulizia. Moshi ilitoka kwa mlango, kwa dirisha, kwa paa, kwa mahali sikujua tuko na shimo. Ilikuwa nyeupe na nzito, ikapanda juu ya migomba mpaka watu wa ng'ambo wakafikiri tunachoma nyumba. Na yeye ndani anakohoa. Hiyo ndiyo ulisikia.

Halafu akatoka. Macho ni nyekundu, machozi mpaka kwa ndevu, kamasi sitaandika. Hakuweza kuongea. Alisimama tu katikati ya boma akiangalia wageni, anavuta pumzi kama mtoto amechapwa. Na Mbogo akaona moshi, akaona machozi, akajumlisha vile yeye alitaka. Akatoa kofia. Akaambia watu wake, "Mzee alikuwa amejificha jikoni analilia msichana wake." Cicily akaanza kulia pia. Mama Murungi, ambaye alijua kila kitu, akapiga vigelegele ya kwanza, na kwa hiyo nimemsamehe yote.

Wakaingia. Na hata wakati wa mazungumzo, kila Mbogo alipotaka kuvuta maneno, alikuwa anamwangalia Mzee bado anapangusa macho, anaacha. Wazee wetu walisema hawajawahi kuona mahari imeenda laini hivyo. Mzee hakusahihisha mtu. Mimi pia.

Walimletea koti mpya, unajua. Aliivaa hapo hapo kwa joto ya Mitunguu, akafunga vifungo vyote mpaka shingo. Sasa imening'inia ukutani upande wake wa kitanda, na kabla ya kulala ananiangalia, anaiangalia, anasema, "Hii haiendi kwa sufuria."

Jioni wageni walipoenda, aliketi kwa kiti chake na macho bado imevimba. Akaniuliza, "Na hii ndiyo umekuwa ukivuta miaka yote?"

Nikamwambia, "Wewe ulifikiri nilikuwa naimba huko ndani?"

Asubuhi nilimkuta anaroweka maharagwe. Ameweka mengi sana, yalifura yakamwagika, lakini niliacha. Siku hizi yeye ndiye askari wa kikapu. Hakuna mtu anafungua. Pasta alitaka kuchungulia juzi, akaambiwa angoje kama vile yeye hutuambia tungoje Yesu. Na mimi akiniona nimekaribia chumbani mchana anauliza naenda kufanya nini huko.

Tuma ya mke wa Pasta sasa, na ya Cicily ushone kubwa, usimfanyie ujanja, ni mama yako.

Umeniuliza maswali mengi mwaka huu, na kuna moja umelizunguka tu, la kifua changu, ukaliita miti. Niliona. Jibu lake ni hili. Jana nililala mpaka jua ikaingia kwa dirisha. Mzee ndiye aliniamsha, amenitingisha bega kwa nguvu. Alifikiri nimekufa, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya.

Tata yako,
Karambu